Senti Tano Zenye Tundu

Kwanza ieleweke kwamba Bi Dobi hakuwa mtu wa ugomvi. Anayefua nguo za wenzake huzoea kunyamaza. Ukishajua nani ana suruali moja tu ya maana, na nani huficha risiti za baa kwenye koti la kazini, huna budi kufunga mdomo au kufunga duka. Yeye alifunga mdomo. Miaka nenda miaka rudi alifua, akaanika, akapiga pasi, akakunja, na ya mifukoni mwa watu akayaacha mifukoni. Kwa hiyo siku aliyoipiga meza ya serikali kwa kiganja mpaka kikombe cha afisa kikaruka, msimwite mwepesi wa hasira. Alikuwa amechokozwa kutoka kila upande, hata na mumewe mwenyewe.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Mbele palikuwa na kaunta, ndani mashine mbili za kufulia, moja nzima na nyingine inayofanya kazi inapojisikia. Katikati ilikaa meza ya pasi, imetandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, na uani kamba za kuanikia zilipishana hivi na hivi hadi mgeni akiingia lazima ainame. Hapo ndipo alipokaa maisha yake yote. Alizaliwa na dobi, akalelewa kwenye harufu ya sabuni na wanga, na mama yake alipofariki alirithi pasi, beseni na wateja.

Mashine ikianza kugongagonga alijua kuna sarafu ndani. Aliitoa, akaiweka kwenye kisahani cha kaunta, na mteja akija alimwambia, "Hii yako." Ikiwa ni sarafu ya maana, mteja alicheka na kuitia mfukoni. Ikiwa ni senti tano, aliitazama kana kwamba ameonyeshwa ukucha uliokatwa. "Ah, mama, kaa nayo tu." Senti tano zilikuwa hazinunui kitu, hata peremende ilikuwa imezikataa zamani. Lakini zilikuwa za shaba, nyekundu, nzuri, na Bi Dobi akazitia kwenye kopo.

Mteja wake mmoja, mfamasia mstaafu wa mashati meupe, alipoliona kopo lile alivuta kiti. Naye alikuwa mkusanyaji wa sarafu. Alimweleza jinsi ya kuzipanga kwa miaka na kwa chapa, kisha akamfundisha amri kuu ya wakusanyaji: sarafu ya zamani haioshwi. Ukiing'arisha umeiua, kwa sababu ile rangi ya uzee ndiyo sura yake. Bi Dobi alicheka mpaka akashika kaunta.

"Yaani mimi, dobi, nimepata kitu kimoja duniani ambacho nikikifua nakiharibu?"

"Kimoja tu," mfamasia akasema. "Kiheshimu."

Akakiheshimu. Na hapo ndipo alipolitoa kopo la pili, lile ambalo hata watoto wake hawakuruhusiwa kulichezea. Lilikuwa na senti za mama yake.

Mama yake hakusoma wala kuandika. Wateja walikuwa wengi na nguo zinafanana, basi alitafuta alama. Karatasi huyeyuka majini, kijiti huvimba na kupasuka, na kipande cha bati huacha kutu kwenye shati jeupe, kisha ulipe shati. Senti tano ya shaba ilistahimili sabuni na maji ya moto bila kulalamika. Kwa hiyo alichukua senti, akaisugua upande mmoja kwenye ngazi ya saruji mpaka ikawa laini, akaitoboa kwa msumari, na kwa ncha ya msumari huohuo akamchora mteja mwenyewe. Senti ilifungwa kwa uzi kwenye tundu la kifungo, na nguo ikaingia majini na mwenyewe kifuani.

Mwalimu alikuwa miwani. Seremala alikuwa msumeno. Mkunga alikuwa kitoto kilichofungwa kama kifurushi. Karani mmoja mwenye maringo alikuwa tausi, na alifuliwa kwa tausi maisha yake yote bila kuambiwa. Jirani aliyependa kusikiliza ya watu alikuwa sikio kubwa lenye hereni. Bwana mmoja asiyelipa bila kubishana alikuwa mdomo wazi, na mama alipokasirika zaidi alimwongezea meno. Ukilimwaga kopo lile mezani, mtaa mzima wa zamani ulikuja mbele yako, kila mtu na kasoro yake. Hakukuwa na picha ya mama ukutani, maana hakuwahi kupigwa picha. Hakukuwa na barua yake. Kitu pekee duniani kilichobeba mkono wake kilikuwa senti zile.

Sasa tumfikie mume.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea, na mtaa ulimpa jina la Ziba. Hakuonewa. Mtu yule hakuweza kuona tundu akatulia. Aliziba mifereji ya bati, akaziba sufuria za majirani bila kuombwa, akaziba shimo la panya, panya akiwa ndani, nyumba ikanuka wiki nzima. Siku moja aliziba hata lile tundu la juu la beseni la bafuni, ambalo liliwekwa makusudi ili maji yasifurike. Yakafurika. Alikuwa na moyo mwema kupita kiasi, na kuishi na mwema wa namna hiyo kunachosha kuliko kuishi na mlevi, kwa sababu mlevi angalau unaweza kumgombeza ukaonekana una haki.

Na sheria nayo ikaja.

Wauza vyuma chakavu waligundua kwamba shaba iliyomo kwenye senti tano inauzika kwa bei kubwa kuliko senti tano zenyewe. Wakaanza kuzikusanya kwa magunia, kuziyeyusha na kuuza tofali za shaba. Serikali ikaona inatengeneza pesa za watu kuyeyusha, ikakasirika, na hapo mtu hawezi kuilaumu. Lakini sheria iliyotoka! Ilikataza kuyeyusha, kutoboa, kukwaruza, kufuta na kugeuza umbo la sarafu yoyote ya thamani ndogo. Kisha, kwa kuhofia kuna mjanja atakayeponyoka, ikasema hata kukaa tu na sarafu iliyoharibiwa ni kosa, isipokuwa mkusanyaji mwenye kibali, na kibali hupewa anayethibitisha kuwa uharibifu ulifanyika kabla ya sheria. Mwisho wa mwezi ndio mwisho. Atakayekutwa nazo baada ya hapo, zinachukuliwa.

Sheria ni msumeno, husemwa, hukata mbele na nyuma. Huu ulikata mbele, nyuma, na vidole vya aliyeushika. Wayeyushaji wa magunia walihamia kwenye nyaya za umeme na hakukamatwa hata mmoja. Walioingiwa na hofu ni wazee wenye makopo. Yule mfamasia, ambaye hakuwahi kutoboa hata mkanda, alizibeba droo zake zote benki akazibadilisha kwa thamani iliyoandikwa juu yake. Miaka yote ile ya kuchambua ilimpa pesa ya mche wa sabuni.

"Lakini zako zilikuwa nzima!" Bi Dobi alimfokea. "Nani angekugusa?"

"Moja ilikuwa na pengo ukingoni," mfamasia akasema, amekonda uso. "Sikuwa na usingizi, dada yangu. Nikisikia pikipiki nje, nasema ndio hao."

Bi Dobi hakuwa mtu wa kukimbia. Alivaa gauni lake la kwendea mahali, akalifunga kopo kwenye taulo, akaenda ofisi inayohusika. Dirisha la kwanza lilimpeleka la tatu, la tatu likasema aanzie la kwanza, na alipokwisha kuzungushwa kama nguo kwenye mashine akatua mbele ya afisa mmoja kijana, nadhifu, mwenye kola iliyopigwa pasi vibaya. Alimpenda kidogo kwa ajili ya kola ile.

Afisa alizitazama senti, akatikisa kichwa. "Mama, nani alizitoboa hizi?"

"Mama yangu."

"Alikuwa na kibali?"

"Kibali cha sheria ambayo haikuwepo?"

"Naelewa, mama. Lakini nahitaji uthibitisho ni lini zilitobolewa. Aje mwenyewe aeleze."

"Amefariki."

"Pole sana." Akanyamaza kidogo kwa heshima, kisha akaendelea palepale alipoachia. "Basi aje mtu aliyemwona akitoboa."

"Mimi nilimwona. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi hiyohiyo."

"Wewe ndiye mwombaji. Mwombaji hawezi kujishuhudia."

"Wengine waliomwona ndio hawa hapa mezani," Bi Dobi akasema, akiwaonyesha miwani na msumeno na tausi, "na karibu wote wako makaburini. Niwaite?"

Afisa hakuwa mtu mbaya. Mbaya unamtukana roho inatulia, lakini huyu alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa ukuta uliopakwa rangi nzuri. Alisugua macho yake. "Mama, mimi ningependa kukusaidia. Tatizo ni matundu na hii michoro. Zingekuwa hazina, wala tusingekuwa hapa tunazungumza. Jaribu kutafuta shahidi, urudi kabla ya mwisho wa mwezi."

Alirudi dukani amevimba kwa hasira. Alivua viatu kimoja huku kimoja kule, akalitua kopo kwenye meza ya pasi, akaanza. Alisema ya madirisha, akasema ya kola, akasema ya marehemu kuitwa kutoa ushahidi. Wanaume wengine mke akilalamika husikia kelele. Ziba alisikia kazi.

"Tulia, mke wangu," akasema. "Kwa hiyo tatizo ni hayo matundu?"

"Matundu na michoro, baba watoto! Amesema zingekuwa hazina matundu wala michoro, hata tusingekuwa na mazungumzo! Unasikia akili za watu hao?"

"Aha," akasema Ziba.

Mwanamke aliyekaa na fundi miaka yote hiyo angepaswa kuiogopa "aha" ile. Lakini alikuwa amechoka, na kulikuwa na shuka za nyumba ya wageni zinazongoja kukunjwa.

Kesho yake mchana alikwenda kuzipeleka shuka. Alikaa sana, kwa sababu mwenye nyumba alidai foronya moja si yake, na foronya ilikuwa yake. Aliporudi alimkuta mumewe amesimama kando ya meza ya pasi, amechana nywele, amevaa shati safi, na uso wake umejaa furaha mpaka ukaudhi. Juu ya meza alikuwa ametandika taulo jeupe. Juu ya taulo zilipangwa senti tano, mistari kwa mistari, zinang'aa.

"Haya, tazama!" akasema. "Nimetumia waya wa shaba, si risasi ya kulehemu, ili rangi isipishane. Tundu hulioni hata kwa tochi. Hebu jaribu kulitafuta!"

Bi Dobi aliokota moja. Ilikuwa laini pande zote mbili, laini kama kitufe kipya. Akaokota nyingine, na nyingine.

"Ziko wapi?" akauliza.

"Zipi?"

"Za mama."

"Si hizi?"

Alikwenda ukutani akaichomoa pasi, kwa sababu hakutaka kuchoma kitu. Akakaa kwenye gunia la nguo chafu za watu. Ziba aliendelea kueleza, sauti ikipungua kidogo kidogo: jinsi alivyoziba kwanza, akapiga tupa, halafu akazipitisha kwenye jiwe la kung'arishia moja moja, kwa uangalifu, kwa sababu ni za mkwewe. Alisema alizishika kama mayai. Kisha akamtazama mkewe vizuri, akaacha kueleza.

"Nilitaka kukusaidia," akasema.

"Najua!" Bi Dobi akapiga kelele, na hiyo ndiyo mara ya kwanza duka lile kusikia sauti yake ikifika uani. "Najua ulitaka kunisaidia! Ndiyo maana siwezi hata kukuchukia vizuri! Ungekuwa mwizi ningekuitia watu. Ungekuwa mlevi ningekufungia nje. Sasa wewe nikufanye nini? Nikufanye nini, baba watoto, mtu mwema kama wewe?"

Ziba aliinamisha kichwa na kuanza kukunjakunja pembe ya taulo, mpaka mkewe akamwambia aliache taulo la watu.

Asubuhi iliyofuata Bi Dobi hakuvaa gauni la kwendea mahali. Alikwenda na kanga za kazini, kopo mkononi, na Ziba nyuma yake hatua chache, kofia ameivua tangu nyumbani. Hakupita dirisha la kwanza wala la tatu. Aliingia moja kwa moja kwa yule afisa, akalimwaga kopo juu ya meza.

Afisa akaokota senti moja, akaigeuza huku na huku, akaokota ya pili. Uso wake ukafunguka.

"Mama! Umefanya busara sana."

"Nimefanya nini?"

"Hapa hakuna tena tatizo. Hakuna tundu, hakuna mchoro. Hizi ni sarafu zilizochakaa tu, na kuchakaa si kosa. Nenda nazo nyumbani. Hata benki watakubadilishia ukitaka."

Ndipo kiganja kilipotua mezani na kikombe kikaruka.

"Sheria yako inasema nini, mwanangu? Nisomee. Si inasema kufuta ni kosa? Kugeuza umbo ni kosa? Juzi umeziona kwa macho yako zina matundu na michoro. Leo hazina. Zimefutwa jana, sheria ikiwepo, mchana kweupe! Miaka yote zilikuwa salama kwenye kopo, hakuna aliyezigusa, mpaka mlipoleta sheria ya kuzilinda. Haya, andika. Mhalifu ninaye, nimekuja naye."

"Ni nani?"

"Mimi," akasema Ziba kutoka mlangoni.

Afisa alimtazama yule mzee mwenye kofia mkononi na mikono iliyojaa makovu ya cheche, akashusha pumzi. Alisimama akaufunga mlango taratibu.

"Mama yangu, nikiandika, itabidi nizichukue kama ushahidi, na mzee hapa itabidi alale ndani. Nisipoandika, mnakwenda zenu. Kwa jina la Mungu, wewe unataka nini hasa?"

Bi Dobi hakutaka Ziba alale ndani. Hakutaka faini, hakutaka kuombwa radhi na madirisha. Alitaka mtu mmoja tu, hata huyu mwenye kola mbaya, ajue palikuwa na kitu hapa.

"Nataka ujue zilikuwa nini," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Kulikuwa na ya mwalimu. Mama alimchorea miwani, kioo kimoja kikubwa kuliko kingine, kwa sababu mwalimu mwenyewe jicho moja lilikuwa bovu. Ngoja nikuonyeshe. Ni hii."

Akaigeuza. Akaiweka chini, akachukua iliyo kando yake, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akachukua nyingine. Mwishowe Bi Dobi alizikusanya zote kwa viganja viwili, akazirudisha koponi, akatoka bila kuaga.

Ziba alimkuta kwenye benchi la ukumbi, kati ya watu waliokuwa wakisubiri kuitwa. Akakaa kando yake, si karibu sana. Kisha akasogea, na ile sauti yake ya kazi ikarudi, kwa woga lakini ikarudi.

"Mke wangu. Wewe unazikumbuka zote. Niambie moja moja ilikuwa na nini, mimi nitatoboa upya. Kwa siri, nani atajua? Msumari ninao. Nitachora taratibu, miwani, tausi, kila kitu, mpaka uridhike."

Bi Dobi alimgeukia. Hasira ilikuwa imemwisha, na huo ndio ubaya wake, kwani hasira ilikuwa imemsaidia kusimama tangu jana.

"Utachora," akasema. "Kwa mkono wa nani?"

Ziba alifungua mdomo. Tangu aoe, hakuwahi kuonyeshwa kitu kilichovunjika akakosa la kusema. Daima kulikuwa na waya fulani, gundi fulani, ngoja nikaangalie kwenye sanduku. Alitazama mikono yake. Akaiweka juu ya magoti, viganja vikiwa chini, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akakaa karibu na kitu kibovu bila kukigusa.